Baba yuko Doha, shule ziko Kisauni

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu lisitokee, maana huku kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni hapa Mombasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni, jioni viazi karai. Mume wangu yuko Doha, ni askari wa ulinzi kwenye jumba la maduka, huu ni mwaka wa nne. Twaongea kwa simu kila usiku, na siku hizi hatuna mazungumzo mengine ila shule.

Binti yetu mkubwa ana miaka 12, yuko gredi ya 6. Januari anaingia gredi ya 7, yaani sekondari msingi, hii JSS. Mimi nilidhani jambo hili halina mjadala: atabaki hapo hapo anaposoma, kwa kuwa gredi ya 7 iko ndani ya shule ile ile ya msingi. Mume wangu hataki kusikia. Anasema, "Sikukaa kwenye jua la Qatar miaka minne ili mwanangu asome chini ya mwembe." Mwalimu, hakuna anayesoma chini ya mwembe. Lakini ndivyo asemavyo.

Kwa kuwa yeye yuko mbali na miguu ni yangu, nilichukua daftari kuukuu, nikapiga mistari nikapata safu tatu, kisha nikaenda kuziona shule mwenyewe. Zote ni za serikali na zote ziko Kisauni.

Ya kwanza ni hii ya karibu, dakika kumi kwa miguu. Kila gredi ya JSS ina mkondo mmoja, na gredi ya 7 ina watoto 46. Walimu wa JSS ni watano, na wawili kati yao ni wanagenzi, yaani walimu wa mkataba mfupi. Anayefundisha sayansi alisomea Kiswahili na dini, aliniambia mwenyewe huku akicheka, "Mama, nami najifunza pamoja nao." Maabara hakuna, kuna kabati la chuma lenye kufuli. Vyoo vya wasichana ni visafi. Mwalimu mkuu ni mteja wangu wa mahamri.

Ya pili iko karibu na barabara kuu ya Malindi. Hiyo ndiyo yenye jina. Ukutani pale getini wameandika wastani wao wa KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, wa miaka na miaka. JSS yake ina mikondo minne kwa kila gredi, kila darasa karibu watoto 80, walimu 15. Ina chumba cha maabara chenye masinki na mabomba, ingawa sikuona bomba likitoa maji. Nauli ni Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, na ile foleni ya Bamburi unaijua. Mtu mmoja wa ofisini aliniambia nafasi zinaisha, nilete Sh8,000 "ya dawati" kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipouliza risiti akasema tutaangalia.

Ya tatu iko ndani kuelekea Mwakirunge. Mwenzangu wa chama anaisifu. Ni ndogo, ina mwalimu wa sayansi hasa, watoto wana shamba la mboga. Lakini ni bodaboda tupu, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Hiyo niliandika nusu ukurasa nikaacha.

Sasa kuna orodha inayozunguka WhatsApp, eti matokeo ya KJSEA, mtihani wa gredi ya 9, ya shule za Kisauni. Ya barabarani imeipita yetu kwa pointi sita za wastani. Wifi yangu ndiye aliyemtumia mume wangu, na tangu siku hiyo hakuna amani. Wifi anakaa karibu na shule ile. Amesema mtoto aende akae kwake, nauli isiwe tatizo, aje kwangu wikendi. Ni mtu mwema, ana mapacha wadogo na dada wa kazi ameondoka, kwa hivyo kuna chumba.

Nikisema mtoto abaki, wifi anasema napenda kubaki na hela za nauli mkononi. Mume wangu hasemi hivyo, lakini siku moja alinyamaza kidogo baada ya kulisikia neno lile, na ukimya ule umenikaa. Yeye mwenyewe alifaulu KCPE, akaitwa shule nzuri ya bweni, karo ikakosekana, akasoma ya kutwa ya jirani. Kila mara hurudi kwenye kisa hicho.

Nimeshachukua Sh3,000 kwenye chama kwa ajili ya lile dawati. Bado sijampa mtu. Binti nimemuuliza, kasema, "Popote tu, mama."

Nifanye nini, Mwalimu? Shule ipi?

Mama Daftari, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu Mama Daftari,

Jina hilo umelipata kwa haki. Nilifundisha shule za msingi za pwani hii mpaka nikastaafu, na wazazi waliokuja kuniuliza habari za shule wakiwa na kalamu mkononi nawahesabu kwa vidole. Wengi walikuja na kitu kimoja tu: nimesikia.

Acha nirudie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Juu ya meza kuna shule tatu. Chini ya meza kuna mambo mengine matatu: mume aliye mbali anayetaka kuona jasho lake limefanya kitu, neno la wifi lililokuchoma kuhusu pesa, na mtoto ambaye atalala mahali fulani usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya gredi ya 7. Umeniuliza swali la juu ya meza, lakini barua yako imeandikwa na haya ya chini. Nitayajibu yote, ila uamuzi sitakupa. Simjui binti yako, nami sitakuwapo Januari.

Nianze na ule ukuta wa getini, maana nimewahi kuupaka rangi ukuta kama ule. KCPE ilianza 1985, na ya mwisho ikafanywa 2023. Haipo tena. Gredi ya 7 ilianza nchi nzima Januari 2023, baada ya serikali kuamua mwishoni mwa 2022 kwamba sekondari msingi zikae ndani ya shule za msingi. Kwa hivyo hii ya karibu nawe na ile ya barabarani, upande wa JSS, ni rika moja. Walimu wa JSS hupelekwa na TSC, tume inayoajiri walimu, kwa kazi hiyo. Baadhi ni wa shule za msingi wenye digrii waliohamishiwa huko, lakini wengi ni vijana waliokuja na barua zao. Waliojenga wastani ule ukutani, wale wa darasa la nane, wengine wamestaafu kama mimi, wengine wako gredi ya 4 wanafundisha hesabu za sehemu. Ukiusoma ule ukuta unasoma sifa za timu ambayo imeshavua jezi.

Na kwa kuwa nimeshaondoka kazini naweza kusema: wastani ulikuwa ukipikwa pia. Si kila mahali wala si kila mwaka, lakini yule mtoto mzito alirudishwa darasa la saba "akomae", au akaandikishwa mtihani kwenye shule nyingine asishushe alama. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Sijivunii.

Tuje kwenye orodha ya WhatsApp. KJSEA ya kwanza ilifanywa 2025, watahiniwa zaidi ya milioni 1.1. Kila mtoto hupata kiwango katika kila somo, kuanzia cha juu kabisa, EE1, chenye pointi 8 mpaka cha chini kabisa, BE2, chenye pointi 1, na kwa masomo tisa jumla haipiti 72. Serikali haikupanga shule kwa nafasi. Orodha ile imetengenezwa na mtu, na hujui alikusanya matokeo ya watoto wangapi, wa shule zipi, na nani alikataa kumpa. Tuseme hata ni ya kweli. Matokeo ya mwisho ya mtoto hujengwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wenyewe wa gredi ya 9, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8, na asilimia 20 ni KPSEA, ule mtihani wa gredi ya 6. Hii ya mwisho mtoto huja nayo mfukoni. Shule yenye jina huvuta watoto waliokwisha fanya vizuri kwingine, tena wenye wazazi wa kulipa nauli ya kila siku. Sehemu ya zile pointi sita ilipikwa kwenye jiko la shule nyingine, pengine hata hii yenu ya karibu. Hapo simaanishi kwamba ile ya barabarani haina chochote. Namaanisha pointi sita hazikuambii kama binti yako angezipata kule na kuzikosa huku.

Sasa chukua lile daftari lako, kuna hesabu hukuifanya. Darasa moja la JSS lina vipindi 40 kwa wiki. Shule ya karibu ina madarasa matatu, hivyo vipindi 120, gawa kwa walimu watano: kila mmoja vipindi 24. Ya barabarani ina madarasa 12, vipindi 480, gawa kwa walimu 15: kila mmoja 32. Kisha kumbuka huku mwalimu anasahihisha daftari 46 na kule karibu 80 kwa kila darasa. Nilipoifanya hesabu hii nilicheka peke yangu, maana kwa maneno yako mwenyewe ile yenye jina ndiyo yenye walimu waliochoka zaidi.

Lakini usikimbie na hilo. Igeuze upande wa pili. Walimu watano hawawezi kuwa mabingwa wa masomo tisa. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Ndiyo maana huko kwenu wa Kiswahili na dini ameshika sayansi, na kicheko chake sikukipenda na hapo hapo nilikipenda: angalau hakudanganya. Kwenye walimu 15 uwezekano wa kumpata wa sayansi, wa hesabu, wa ufundi na wa kilimo ni mkubwa zaidi. Ukimlea mtoto mwenye hamu ya sayansi, tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kwenye gredi ya 10 atachagua mwelekeo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Je, binti yako hupenda nini? Barua yako ni ndefu na hilo halimo.

Kuna pia hao wanagenzi wawili. Mkataba wa mwanagenzi ni mfupi, na mshahara wake ni mdogo. Mwaka 2024 muhula wa pili waligoma wiki nyingi, na JSS zilizowategemea zilikaa kimya. Maelfu yao waliajiriwa kikamilifu tangu Januari 2025, wengine wapya wakaletwa kwa mkataba ule ule. Katika shule yenye walimu watano, wawili wakiondoka ni balaa. Ungeniambia wanafundisha masomo gani ningekuwa na la kusema zaidi. Kamuulize mteja wako wa mahamri, kwa upole, wanagenzi wale mkataba unaisha lini na ameomba nani badala yao. Mwalimu mkuu anayelijua jibu bila kufungua faili ni dalili nzuri.

Tena usizuru shule ukaangalia masinki. Waombe watoto wa jirani wawili wa gredi ya 8, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakuonyeshe daftari zao za sayansi. Usisome yaliyomo, angalia tarehe. Ukikuta kazi ya tarehe 4, halafu ya tarehe 6, halafu ya tarehe 11, kuna mwalimu. Ukikuta mwezi mzima ni kurasa mbili, hata maabara ya dhahabu haisaidii. Na angalia wino mwekundu. Mimi mtu akinionyesha daftari la mtoto simhitaji mtu wa kunionyesha shule.

Ya Mwakirunge nakubaliana na nusu ukurasa wako. Mwalimu wa sayansi "hasa" ananitamanisha, lakini msichana wa miaka 12 juu ya bodaboda kila siku, na mvua za Mei, hapana, sina moyo huo. Wewe una moyo wako.

Lile dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo wala ada ya kuingilia. Shule ikitaka mchango wa wazazi kuna njia zake, na njia hizo huacha karatasi. Pesa isiyo na risiti si ya dawati. Najua, sheria iko kwenye kitabu na mtu yule yuko kwenye kiti, nawe unahofia ukibisha mtoto atakosa nafasi, au atapata nafasi na kuwekewa alama. Hofu hiyo si ya bure. Kabla ya kutoa hizo Sh3,000 unaweza kumwendea mwalimu mkuu wa shule ile mwenyewe, si ofisini kwa yule bwana, ukamuuliza hivi: "Mwalimu, naomba kuhamishia binti yangu hapa gredi ya 7, utaratibu ni upi na malipo rasmi ni yapi?" Usimtaje mtu. Majibu yake yataingia kwenye safu ya pili. Akikujibu vizuri, uhamisho wenyewe ni kwamba shule anayotoka inamwachilia kwenye mfumo wa serikali wa usajili na anayokwenda inampokea, na ni heri mambo hayo yaishe kabla shule hazijafungwa mwisho wa mwaka. Chama chako kirudishie hela yake kwanza. Ikihitajika utaazima tena.

Sasa wifi.

Umeandika sentensi moja ambayo nimeisoma mara tatu: "Ni mtu mwema, ana mapacha wadogo na dada wa kazi ameondoka, kwa hivyo kuna chumba." Mwanangu, uliiona ulipoiandika? Simtuhumu. Kulelewa na shangazi ni desturi yetu na wengi tumekua hivyo, mimi nikiwa mmoja wao, na nilipendwa. Lakini pia niliamka kabla ya adhana ya alfajiri kuosha vyombo, na nikasinzia kwenye hesabu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nyumba yenye mapacha na isiyo na msaidizi ina kazi, na kazi haichagui, humwangukia aliye karibu mwenye mikono. Mtoto anayetoka shule saa kumi akawashika mapacha mpaka saa mbili atafungua daftari saa ngapi? Na mwaka huo wa 12 kuingia 13, wewe mwenyewe wakumbuka mwili wa msichana unavyobadilika na maswali yanayokuja usiku. Atamuuliza nani? Wikendi?

Upande wa pili, kule kwa wifi hakuna foleni ya Bamburi, hakuna kutembea gizani kwenye mitaa ambayo sote tunajua habari zake za vijana wenye mapanga, na mtoto anapata nyumba ya pili ya watu wanaompenda. Hilo nalo lina thamani. Ukitaka kulifikiria kweli, lifikirie kwa masharti yanayosemwa waziwazi mbele ya watu watatu, wewe, wifi na mumeo kwenye simu: saa za kusoma, kazi zipi za nyumbani na zipi si zake, analala chumba gani na nani, madrasa anakwenda wapi, na neno moja ambalo mtoto akilisema unamfuata bila maswali. Ikiwa wifi ataudhika kwa kuulizwa hayo, utakuwa umejua jambo. Ikiwa ataongeza sharti ambalo hukulifikiria, utakuwa umejua jambo jingine.

Nauli nayo tuihesabu, kwa kuwa ndipo neno lilipokuchoma. Sh100 kwa siku, kwa siku 180 hivi za masomo kwa mwaka, ni Sh18,000. Mgao wa serikali kwa mtoto wa JSS umewekwa Sh15,042 kwa mwaka, ukifika. Yaani matatu zingepokea zaidi ya shule. Miaka mitatu ni Sh54,000. Karo ya mwaka mmoja ya bweni katika zile zilizokuwa shule za kitaifa za miji mikubwa ni Sh53,554. Namba hizi mbili zilivyokaribiana zilinishtua, nikamkumbuka mumeo.

Maana mumeo, nionavyo, hapiganii shule ya barabarani. Anampigania kijana aliyeitwa bweni na karo ikakosekana. Kijana yule hakukosa shule ya msingi yenye jina, alikosa karo baada ya kufaulu. Ukimwambia "shule ya karibu inatosha", yeye husikia wale waliomwambia ya kutwa inatosha. Huwezi kumshinda kwa hoja za vyoo. Unaweza kumuuliza, usiku ambao hajachoka (saa za Doha na zetu ni moja, hilo ni bahati), ni kitu gani hasa anataka binti awe nacho atakapomaliza gredi ya 9. Mwache aseme mpaka amalize. Pengine atasema kitu ambacho nauli itakinunua. Pengine atasema kitu ambacho Sh18,000 za kila mwaka zilizowekwa mahali pa wote wawili kuona zitakinunua vizuri zaidi. Na pengine atasema anataka tu mwanawe apite kwenye geti lile, na hilo pia ni jambo la mzazi, usilicheke.

Ila tuwe wakweli, pesa iliyohifadhiwa nyumbani ina mguu. Atatokea mgonjwa, utatokea msiba, kodi itapanda. Nauli ukishailipa imekwenda na mtoto amefika. Akiba yaweza kuliwa na mtoto akabaki na walimu watano na bila bweni. Ukienda njia hiyo, iwe mnajua hatari yake nyote wawili. Na mtumie picha za kurasa za daftari lako, zote, pamoja na nusu ukurasa ule. Anabishana na orodha ya WhatsApp kwa sababu ndicho kitu pekee alichokiona kwa macho. Hajaona kazi yako. Ule ukimya wa siku ile huenda ulikuwa wa shaka, huenda ulikuwa wa mtu aliyeona haya kwa neno la dada yake na hakujua la kusema kutoka mbali. Mimi sijui, nawe hujui, na hujamuuliza.

Umewazia pia kwamba uamuzi huu ni wa milele. Si hivyo, ila kubadili kuna gharama. Tathmini za gredi ya 7 na 8 zinahesabiwa, na mtoto anayehama katikati alama zake zinaweza kuchelewa au kuhitaji kufuatiliwa ofisi kwa ofisi. Kama ni kujaribu na kurudi, mwisho wa gredi ya 7 ni afadhali kuliko katikati ya gredi ya 8.

Ikiwa atabaki, usikae mlangoni na mahamri ukingoja bahati. Shule yenye mkondo mmoja ni shule ambayo sauti ya mzazi mmoja husikika. Kikao cha wazazi kinaweza kusukuma lile kabati lifunguliwe. Kile cha ile kubwa yenye watoto karibu elfu wa JSS, utakaa nyuma na hutasikia.

Nimebakiwa na "popote tu, mama". Nimelisikia jibu hilo maelfu ya mara, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyemaanisha popote. Anajua baba anataka nini, anajua mama anataka nini, anajua shangazi kasema nini, na ameona mlango wa kutokea ni neno moja. Usimuulize tena kwa mdomo. Daftari lako lina safu tatu, nawe umezijaza zote kwa mkono wako. Piga mstari wa nne, mpe kalamu, mwambie aandike anachokijua yeye kuhusu shule zile: nani anakwenda wapi, mwalimu yupi anamwogopa, anaogopa nini njiani, angependa nani amwamshe asubuhi. Kisha uende zako kwenye viazi vyako, na usilifungue mpaka akuletee mwenyewe. Hiyo ndiyo safu ninayotaka kuisoma ukiniandikia tena.

Wako,
Mwalimu